Mara mbili mbele ya Kenya, usiku mmoja Cairo

Tulitoka katikati ya Cairo saa 12 jioni, Alhamisi ya tarehe 27 Juni 2019, kwenda kuitazama Tanzania ikicheza na Kenya, watu watano tumebanana ndani ya teksi ya watu wanne, bendera imetandazwa mapajani. Kiarabu chetu kiliishia kwenye salamu. Tulimwonyesha dereva simu yenye jina la uwanja, 30 June, akaitikia kwa kichwa na kuelekea mashariki, kwenye majengo mapya ya rangi ya mchanga.

Nilikuwa nimekula likizo yangu yote ya mwaka na akiba ya miezi minane. Dar, Addis Ababa, Cairo. Sijutii hata shilingi. Tarehe 24 Machi nilikuwa Uwanja wa Taifa tulipoipiga Uganda 3-0 na kufuzu, wafungaji Msuva, Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris, na watu wazima wakalia hadharani, kwa sababu mara ya mwisho Tanzania kucheza AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ilikuwa Lagos mwaka 1980. Baba aliyafuatilia yale ya Lagos kwa redio. Mimi nilitaka kuona kwa macho.

Mechi ya kwanza Senegal walitufunga 2-0. Iliuma, lakini tuliimeza. Hii ya pili ilikuwa ya jirani. Kenya nao walikuwa wamepigwa 2-0 na Algeria, kwa hiyo aliyeshinda usiku ule alibaki hai.

Getini walitukagua vitambulisho vya mashabiki, wakatupekua hadi soksi. Sikulalamika. Nje ya uwanja huohuo, Februari 2015, mashabiki wa Zamalek, klabu ya Misri, walikufa kwenye msongamano walipokwenda kutazama mpira tu, kama sisi.

Saa 4 usiku filimbi ikalia. Dakika ya 6 tu, nahodha wetu Samatta anapiga, kipa anatema, Msuva huyo. Nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Dakika ya 39 Olunga wa Kenya akasawazisha kwa tikitaka ambayo, Mkenya au si Mkenya, ilibidi uheshimu. Hatujakaa chini, dakika ya 40, Samatta akatia la pili. Tukaenda mapumziko 2-1, sauti zimekauka, na mzee mmoja kutoka Tanga aliyekaa pembeni yangu akanimegea tende zake tatu za mwisho.

Sasa nieleze kilichoniuma, maana ndicho nilichokuja nacho nyumbani. Tulikuwa tumekaa juu, nyuma ya goli, na kutoka kule unaona kitu ambacho televisheni haikuonyeshi: timu nzima inavyosimama. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa mistari, kijani kibichi na kijani iliyopauka. Kipindi cha kwanza mabeki wetu walisimama kwenye mstari wa nne kutoka golini. Kipindi cha pili walianzia wa pili. Viungo wakawafuata nyuma. Msuva, aliyekuwa anawakimbiza mabeki wa Kenya, nikawa namwona karibu na kibendera chetu cha kona, anasaidia ulinzi. Mbele akabaki Samatta peke yake, kila mpira ukifika kwake anazungukwa na watu watatu.

"Wapandishe!" mzee wa Tanga alikuwa anapiga kelele. "Kocha, wapandishe!"

Dakika ya 62, kona, Johanna Omolo kichwa, 2-2. Hilo halikuja kwa bahati mbaya, tuliliona likija kwa robo saa. Hata hapo kulikuwa na muda. Sare ilikuwa haitutoshi, tulihitaji goli, lakini mistari haikubadilika. Mabadiliko yaliyofanyika hayakuturudishia mpira. Dakika ya 80 Olunga tena. 3-2.

Wapo wanaosema wachezaji walichoka. Sikubali. Uchovu unamshusha mchezaji mmoja mmoja, haushushi timu nzima kwa pamoja mara tu baada ya mapumziko. Kama kocha aliwaagiza warudi, alikosea. Kama hakuwaagiza, alikuwa na dakika 45 pale pembeni ya uwanja za kuwaambia wapande. Miaka 39 tumesubiri, tunaongoza mara mbili, halafu tunajificha golini kwetu! Vijana wale hawakustahili kuambiwa waogope.

Kurudi mjini tulipanda basi dogo pamoja na Wakenya. Waliimba hadi walipotuona, wakapunguza. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye jezi nyekundu, umri wa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole sana, kijana wangu." Akanipa chupa yake ya maji. "Lakini hebu niambie, mlikuwa mmetubana kweli kweli, mimi nilishasema leo tumekwisha. Kwani mliacha kucheza kwa nini?"

Nikanywa maji. Mzee wa Tanga akageuka dirishani. Ilikuwa karibu saa 8 usiku na vibanda vya chai bado vilikuwa vimejaa watu.

Tarehe 1 Julai tulikuwa na Algeria, ambao jioni ileile walikuwa wameifunga Senegal 1-0. Hotelini nilikaa kitandani na jezi yangu, nikageuza tiketi ya mechi iliyokwisha na kuandika nyuma yake kikosi ambacho ningekipanga mimi. Samatta na Msuva mbele, wote wawili. Chini yao nikachora mistari ya nyasi, nikawaweka mabeki kwenye ule wa nne.