Hema la Ziwani Kwenye Fukwe za Tanga

Wengi wetu tuliorudi Tanga baada ya miaka ng'ambo tumerudi na hema. Limekuja ndani ya begi au kontena, pamoja na begi la kulalia, jiko dogo la gesi na chujio la maji. Vyote vizuri, ila vilizoea ziwa. Hifadhi za kando ya ziwa, Ulaya au Marekani, ndiko wengi tulikojifunzia kupiga kambi, na mazoea yake mengi huku pwani hayafai.

Anza na maji yenyewe. Ziwa Michigan, pamoja na ukubwa wake wote, kujaa na kupwa kwake hakufiki sentimita 5. Bahari ya Tanga wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupanda zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Kwenye ufuko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 30, hizo mita 3 ni mita 90 za mchanga. Ndiyo maana siku ya bamvua mgeni akifika Ushongo, ufuko wa kusini ya Pangani, saa nne asubuhi anaona uwanja wa mpira mbele yake, akashangaa mbona hakuna aliyejenga hapo.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata sogeza mbele dakika 50 hivi. Bamvua yenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya hapo, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu inatosha: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 kaa macho. Ikifika tarehe 8 ni maji mafu, yanajaa karibu saa nne na hayapandi sana. Bamvua kubwa kupita zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Sasa ona ubaya wa ratiba hiyo: maji makubwa hufika saa kumi alfajiri, watu wakiwa kwenye usingizi mzito.

Ukimkuta mzee anashona nyavu, salamu kwanza. "Shikamoo mzee. Maji ya leo yanafika wapi?" Usiulize saa ngapi, uliza yanafika wapi. Atakuonyesha gogo au mzizi, na huo ndio mpaka wako.

Asipokuwepo mtu, soma ufuko. Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na makumbi. Uliolowa ni wa leo. Wewe fuata ule wa juu kabisa, uliokauka ukavunjika. Juu yake utaona mlakasa, ule unaotambaa wenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka katikati kama kwato la mbuzi. Hapo watu hukosea: ncha za mlakasa hutambaa kuteremka majini, kwa hiyo kuuona tu si dalili ya usalama. Fuata shina kurudi nyuma hadi lilipokuwa nene na kushika ardhi, kisha funga hema nyuma yake. Chini ya mvinje ni pazuri. Chini ya mnazi hapana, hata kama hakuna upepo. Nazi na kuti kavu havisubiri upepo.

Vigingi vyembamba vya chuma vilivyokuja na hema havishiki mchangani. Upepo ukivuta kamba, vinachomoka kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kimoja kikitoka mzigo wake unahamia kwa jirani yake. Chukua viroba vya unga, jaza mchanga nusu, funga kamba katikati ya kiroba (mdomoni itateleza), kisha kizike kikiwa kimelala, sentimita 40 hadi 50 chini, na ushindilie kwa miguu. Viroba 6 vinatosha hema la watu watatu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upande mwembamba wa hema uangalie kusini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, geuza. Usiku upepo mwepesi wa umande hutoka bara, na kama nyuma yako kuna mikoko, huja na mbu wake. Chandarua chenye dawa kiwe ndani hata kama hema lina neti, maana zipu ni ya kwanza kuharibika.

Begi la kulalia la nchi za baridi liache nyumbani. Mkeka na shuka vinatosha. Hema lenye kuta mbili, vua la nje ikiwa hakuna mvua; ukilala umelifunga lote, alfajiri utadhani linavuja, kumbe ni jasho na pumzi zenu.

Chujio la ziwani linazuia vijidudu na matope. Chumvi hupita kama kawaida, na kuchemsha hakuitoi. Visima vingi vya karibu na ufuko navyo vina chumvichumvi. Beba maji ya kunywa na kupikia lita 5 kwa mtu kwa siku: watu wanne, siku mbili, ni madumu mawili ya lita 20, na hapo hujaoga. Mitungi midogo ya gesi ya kule hairuhusiwi kwenye ndege, na huku kuipata ni shida. Jiko la mkaa na kilo 2 za mkaa zinapika wali na samaki wa watu wanne. Liweke ndani ya kishimo, na bati la kukinga upepo upande unakovuma.

Ukitaka wanyama, nenda Saadani. Imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndiyo pekee nchini ambayo mbuga yake inagusa Bahari ya Hindi. Kiboko wa Mto Wami hutoka usiku kula majani, kwa hiyo usifunge hema kwenye njia iliyokanyagwa kushuka mtoni. Mamba wapo pia, na mlango wa mto si mahali pa kuogelea. Mbung'o wanapenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, vaa kaki. Upande wa Mkwaja kulikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000. Ilihangaika na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o, kwa miaka mingi. Masika usithubutu na gari dogo, udongo mweusi unakamata tairi kama ulimbo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo vyakula vipange kwenye ndoo zenye vifuniko. Nyani hawafungui kifuniko kilichobanwa sawasawa, zipu wanafungua.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, ni cha kwenda na kurudi. Miti yake yote ilishakwisha, limebaki fungu la mchanga, na bamvua hulifunika. Toka asubuhi maji yakipwa, na nahodha akisema tuondoke, pakia.

Mkirudi mjini, hema lisikae kwenye begi hata siku moja. Lisuuze kwa maji baridi, hasa zipu na viungo vya nguzo, kwa kuwa chumvi ikikauka inang'ata alumini na nguzo hazitenguki tena. Kausha kivulini. Kisha pitisha mshumaa kwenye meno ya zipu, kwenda na kurudi mara mbili.