Nilivyofika obiti baada ya kuunguza roketi kama thelathini

Hii gemu ya kuunda na kurusha roketi, Kerbal Space Program, niliipata 2012, binamu yangu aliniletea kwa fleshi, ile vesheni 0.13.3 ya bure. Wakati huo haijamalizwa kabisa, manake watu wa Squad kule Mexico City (kampuni ya mambo ya matangazo hata si watu wa gemu) waliitoa mara ya kwanza Juni 2011, na vesheni 1.0 ilikuja kutoka Aprili 2015, kwa hivyo mimi nilipewa nyumba ambayo bado haijaezekwa. Maelekezo hakuna. Unaingia tu kwenye ghala, unapanga matangi na injini, unawaweka ndani vijamaa watatu wa kijani, Jebediah, Bill na Bob, halafu unabonyeza spesi na kuomba Mungu.

Roketi yangu ya kwanza nilijiamini sana nayo. Kumbe parachuti nimeiweka steji moja na injini, yaani zinafyatuka pamoja kwa mbonyezo mmoja. Nabonyeza spesi, moto unawaka chini, juu parachuti inachomoka, roketi imeinuka kidogo tu ikayumba ikalala ubavu ikaja chini na mafuta yote tele. Pale chini kwenye skrini unaziona nyuso zao, Bill na Bob wanapiga mayowe, Jebediah yeye anacheka. Nilimchukia huyo Jebediah, wallahi.

Nikafanya kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya, nikaongeza matangi. Ya pili ikawa nzito mpaka injini inaunguruma dakika nzima na chombo kiko palepale kama matatu inayongoja abiria, mpaka mafuta yapungue ndo kianze kujivuta. Ya tatu ilikuwa ndefu, ikapinda katikati kama muwa, hapo ndo nikajua kazi ya zile strati, vile vyuma vyembamba vya kufungia tangi na tangi.

Lakini shida yenyewe haikuwa hiyo. Mimi nilidhani obiti, yaani kuizunguka sayari bila kuanguka chini, ni kwenda juu, basi. Angahewa ya hiyo sayari yao inaishia kama kilomita 70, nikajiambia nikipita hapo nimefika. Nikaenda wima mpaka 120, nikazima injini, nikaegemea kiti. Kasi ikashuka, ikashuka, ikafika sifuri, nikaona hapo sasa imetulia. Ikaanza kurudi! Nikarusha nyingine mpaka 300, ikarudi vilevile, tena kwa hasira zaidi.

Siku moja nikabonyeza M, ramani ikafunguka, nikaona ule mstari wa safari yangu: unapanda na kurudi chini karibu palepale, mwembamba kama pini ya nywele. Nikajiuliza, nikiupanua je? Yaani nisipande tu, niende pembeni, kwa kasi mpaka nikianguka niikose ardhi. Obiti ndo hiyo, unaanguka kila saa lakini ardhi inakukwepa.

Upande gani sasa? Mashariki, manake sayari inazunguka kuelekea huko na kwenye ikweta inakusukuma kama mita 175 kwa sekunde za bure. Hapo nilicheka peke yangu. Mimi ni mtu wa huku Malindi, na yale majukwaa ya Waitaliano ya San Marco pale Ngomeni nimeyaona baharini tangu utotoni, ndo yalirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, na sikuwahi kuuliza kwa nini Mtaliano aje mpaka huku. Kumbe ni ikweta, na mashariki kote ni bahari, hata ikianguka haimwangukii mtu.

Basi ile iliyofika nakumbuka ilikuwa saa tano usiku. Kwenye mita 10,000 nikailaza nyuzi 45 kuelekea mashariki, macho kwenye ramani, kilele cha mstari kilipogusa kilomita 94 nikazima. Ikaelea. Ilipobaki nusu dakika kufika kileleni nikailaza kabisa nikawasha, kasi mita 1,900 kwa sekunde, 2,000, 2,100, na ule mwisho wa mstari uliokuwa umezama ndani ya sayari ukaanza kuogelea kuja juu, polepole, halafu ghafla ukatokea upande wa pili ukawa duara. Kilomita 71 chini, 94 juu. Mafuta yakaisha hapohapo.

Ndio, ya kurudia hayakuwepo. Sikuwa nimefikiria kurudi.

Sikutaka kuizima, raundi moja ni nusu saa na kitu, nikawa nakaa tu naangalia jua linachomoza na kuzama. Mama akatoka chumbani, mita ya stima inalia tokeni zinaisha, akasema zima hiyo kitu ulale. Nikamwambia mama ngoja kidogo, hawa wamalize raundi.

"Wakina nani?"

Nikamuonyesha. Akawatazama wale watatu, akasema mbona huyu mmoja anacheka.