Kesi zetu zilikuwa kwa askari wa geti

Kila wakili kijana akisikia niliwahi kuwa mwanasheria wa kaunti, yaani mshauri wa sheria wa serikali ya kaunti hapa Kenya, swali la kwanza ni gari, la pili ni kama kweli unaketi meza moja na gavana. Gari lipo na meza ipo. Lakini mimi miezi yangu minne ya kwanza niliimaliza nikitafuta makaratasi, na sisemi makaratasi ya sheria, nasema bahasha, zile za kahawia.

Wacha nianze na ushauri niliopewa maana mpaka leo unaniudhi. Jioni ile bunge la kaunti limemaliza kunipiga msasa (hiyo sitaieleza, ukiwa na miaka yako 5 ya uwakili, vyeti safi na hujawahi kumtukana MCA (mjumbe wa hilo bunge) kwa Facebook utapita) alinipigia simu wakili mmoja aliyenitangulia sana kwa hii kazi. Pongezi pongezi, halafu akashusha sauti. Kwanza, usiandike ushauri, mwambie gavana kwa mdomo, karatasi hugeuka ikakuuma. Pili, kesi zote peana nje kwa mawakili wakubwa, wewe ukae usaini barua. Nikamshukuru kwa heshima zote, na nikafuata yote mawili kama mjinga kwa muda fulani. Nitarudi hapo.

Ujue mambo yalikuwa yanaendeshwa vile kila kaunti inajua. Kaunti zilianza 2013, ile Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ikaja 2020, hapo katikati kaunti nyingine ilikuwa na mkurugenzi wa sheria, nyingine mshauri wa gavana tu. Kwa hivyo kwa karatasi nilirithi ofisi, kwa macho nilirithi chumba kimoja, mawakili 3, karani, na kompyuta yenye kibandiko cha idara ya kilimo. Nikauliza swali ambalo nilidhani ni rahisi kuliko yote: tuna kesi ngapi? Mmoja akasema 40, mwingine akasema kama 70, watu wa fedha wakasema "nyingi".

Basi nikafanya kile kila mgeni hufanya, nikaandika barua. Barua nzuri kabisa, kwa idara zote, leteni orodha ya kesi zenu na nakala za hati ndani ya siku 14. Niliisoma mara tatu kabla ya kuituma, nikajipenda. Siku 14 zikaisha nikawa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa linauliza orodha iwe kwa mtindo gani. La pili lilisema idara yetu haina kesi yoyote, asante, na wiki hiyo hiyo afisa mkuu wa hiyo idara akatoka gazetini kwa kupuuza amri ya mahakama. Nikaikunja ile barua yangu nzuri nikaiweka kwa droo.

Jaribio la pili nikawatuma wale vijana wangu masjala za mahakama, moja baada ya nyingine: ya hakimu, Mahakama Kuu, ya kazi, ya ardhi. Huko ndio tulijua tuna majina mengi kuliko mwizi. Kesi nyingine inasema serikali ya kaunti, nyingine imemshtaki gavana, nyingine idara peke yake, nyingine bado inalishtaki baraza la mji, na mabaraza yale 175 ya serikali za mitaa yalikufa na sheria yake kaunti zilipoingia, yakatuachia madeni na mashamba yenye wenyewe watatu watatu. Kulikuwa na kesi ya ploti iliyofunguliwa kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Ule mfumo wa mahakama wa mtandaoni unasaidia, lakini ukitafuta jina moja na mwenzako aliandika lingine utaambiwa hakuna kitu na utalala vizuri bila sababu. Tukapita kesi mia moja na tulikuwa hatujamaliza.

Sasa ndani ya hizo tukakuta hukumu ambazo sisi hatukufika kabisa. Mtu ameshtaki, amesikizwa peke yake, amepewa mamilioni, amekwenda nyumbani. Nikachukua faili moja, ya kontrakta wa barabara, nikasoma kile kiapo cha mtu aliyeleta hati. Anaapa alileta samansi, zile hati za kutuita kortini, ofisini kwetu, zikapokelewa na kugongwa muhuri. Nikaangalia muhuri. Idara ya maji. Kesi ni ya barabara! Nikashuka kwa idara ya maji, sekretari akaniangalia kwa huruma akasema, "Madam, huo muhuri wetu ulipotea kitambo."

Hapo ndio damu ilinichemka nikasema leo sirudi juu. Nikazunguka jengo lote. Nikauliza wahudumu wa chai, madereva, kijana wa kupiga fotokopi. Dereva mmoja akaniambia kama mtu anayesema kitu kinachojulikana na kila mtu isipokuwa mimi, "Si watu wa korti huwa wanaishia kwa mzee pale geti?"

Nikaenda geti. Mzee mwenyewe mtulivu, kofia imenyooka, redio yake iko juu ya katoni la karatasi za printa. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, nasikia wewe ndio unapokea barua za mahakama." Akasimama akanipigia saluti, akatoa muhuri mfukoni. Muhuri wa idara ya maji. Kumbe karani mmoja alipohamishwa alimwachia akamwambia watu wa bahasha wakija awagongee waende, wasije wakasumbua watu juu. Akatoa redio, akafungua katoni. Bahasha zimejaa mpaka juu, zimepangwa, hakuna hata moja imefunguliwa kwa sababu, kwa maneno yake, "Si zangu, madam, siwezi kufungua barua ya watu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Halafu akatoa daftari. Nyinyi, huyu mzee alikuwa ameandika kila bahasha! Tarehe, saa, na aliyeleta: "kijana wa pikipiki koti jeusi", "mama wa miwani, alikuja na mvua". Kaunti nzima yenye idara kumi, masjala pekee iliyofanya kazi ilikuwa chini ya redio ya askari.

Lile daftari lilituokoa kuliko kitabu chochote cha sheria nilichonunua. Tulipokwenda kuomba zile hukumu ziwekwe kando, yaani zifutwe tusikizwe upya, badala ya kuapa yale maneno ya kawaida kwamba "hati haikutufikia" ambayo majaji wameyasikia mpaka wamechoka, tulimwapisha mzee mwenyewe na daftari lake tukaliambatisha. Hatukudanganya, tulisema ukweli wa aibu, hati zilifika zikaishia geti. Nyingine tulikubaliwa, nyingine tukakubaliwa lakini tulipe gharama za mwenzetu, nyingine tukaambiwa mmechelewa sana. Jaji mmoja alilisoma lile daftari ukurasa baada ya ukurasa nikaona anajizuia kucheka alipofika kwa mama wa mvua.

Sasa mihuri. Nikajua hata nikimwondolea mzee wake, kila idara ina wake na mwingine kwenye mkoba wa mtu. Ningeandika barua ya kusema rudisheni mihuri nisingepata hata mmoja, nilikuwa nimeshajifunza. Kwa hivyo nikatangaza kwamba ofisi ya sheria inapeana mihuri mipya, ile ya kisasa inayojitia wino yenyewe, lakini unapewa ukileta wa zamani. Wacha watu waje! Siku mbili nilikuwa na mihuri 23 kwenye kikapu, mingine ya baraza la mji la zamani, mmoja wa idara ambayo ilishavunjwa. Hiyo mipya ilitugharimu kama shilingi 40,000 hivi, labda hamsini, na ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi ndogo kwamba haipokei hati za mahakama, hizo zipelekwe ghorofa ya tatu. Hakuna aliyesoma mpaka wino umekauka. Mwanasheria mwenzangu atasema muhuri hauzuii hati kuhesabika imefika, najua, sijasema unazuia. Ila mtu anayeleta hati akisoma hivyo anapanda ngazi, na mimi nilitaka tu apande ngazi.

Kulipa zile hukumu nako kulikuwa na ugonjwa wake. Maafisa walikuwa wanajua kitu kimoja cha sheria na walikuwa wanakijua vizuri, kwamba mali ya kaunti haipigwi mnada. Kwa maandishi ni kweli, ile Sheria ya Kesi za Serikali kifungu cha 21 inasema hivyo na inahusu kaunti pia. Siku moja dalali alikuja na gari la kuvuta akitaka kubeba trekta letu, nikamwonyesha kifungu akaondoka, na maafisa wakanipigia makofi kama nimefunga goli. Makofi yale yaliniogopesha. Maana anayekudai ananyimwa dalali lakini hanyimwi njia: anachukua cheti cha deni kortini, akiona kimya anarudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia pesa alipe, kimya tena anaomba huyo afisa aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Huyo si kaunti, huyo ni mtu mwenye jina na watoto.

Nikatengeneza karatasi moja, safu tatu: kesi, kiasi, na jina la afisa. Si cheo, jina lake lote kama lilivyo kwa kitambulisho. Sikuandika kitu kingine. Nikaigawa kwenye kikao, nikanywa chai yangu. Kabla chai iishe mmoja aliniuliza, "Wakili, hii ya 4 tunaweza kuiongelesha nje ya korti?" Tunaweza! Zile faili nilizozitafuta miezi minne zikaanza kuja zenyewe, nyingine zimebebwa na afisa mkuu kwa mikono yake.

Haya, ule ushauri wa simu. Kuhusu kuongea kwa mdomo, iliniuma hivi. Kulikuwa na ada mpya za masoko zilitakiwa ziingie haraka. Nikamwambia gavana kwenye korido, Mheshimiwa, wananchi hawajasikizwa, Katiba kifungu cha 196 inataka bunge lishirikishe umma, na Kiambu walifutiwa Sheria yao nzima ya Fedha ya 2013 na Mahakama Kuu mwaka 2014 kwa sababu hiyo hiyo. Akasema, "Sawa wakili, nimekusikia." Wafanyabiashara wakaenda kortini, ada zikasimamishwa, na kwenye kikao Mheshimiwa akanigeukia mbele ya wote: "Lakini wakili si ulituambia tuko sawa?" Nikafungua mdomo nikafunga. Nitasema nini, korido itoe ushahidi?

Kuanzia hapo nikawa naandika kila kitu. Tukiongea kwa ngazi, nikifika mezani natuma ujumbe, "Mheshimiwa, kama tulivyozungumza, ushauri wangu ni huu." Mwanzoni nilizidisha, ushauri wangu wa kwanza rasmi ulikuwa kurasa 11 na kesi za Uingereza ndani, nikaja kuukuta ofisini kwake umewekewa chupa ya chai. Nikapunguza mpaka ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza sikuweka "haiwezekani" tena, niliweka kile kinachowezekana na kitachukua siku ngapi. Mwanasiasa akisoma haiwezekani anatafuta wakili mwingine, na kaunti haikosi wakili mwingine anayesubiri nje.

Na ile ya kupeana kesi zote nje, nyinyi hamjaona bili. Ada ya wakili inaangalia thamani ya kile kinachogombaniwa, kwa hivyo mkataba ukiwa mkubwa, ombi dogo la kurasa sita linaweza kukuletea bili ya mamilioni, halafu Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali akuulize wewe, si yeye wa simu. Zile bili za zamani tulizipeleka kwa msajili wa mahakama azikague, nyingine zilirudi zimekatwa karibu nusu. Kesi za kazi tukaanza kufanya wenyewe, wale vijana 3 walikuwa wazuri tu, hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kusimama. Kubwa kubwa bado tulipeana, ila ada inaandikwa na kusainiwa kabla faili haijatoka mlangoni.

Mzee wa geti tulimpa daftari jipya, gumu, lenye mistari, na amri moja, asipokee, amlete mtu juu. Aliifuata amri kuliko mwanasheria yeyote niliyefanya naye kazi. Wiki yangu ya mwisho pale alipanda ghorofa ya tatu na kijana mwenye bahasha, akamsimamisha mbele ya karani wangu. Karani akagonga muhuri, akaandika tarehe na saa, akafungua faili, akaipa namba, akaniletea.

Ilikuwa kadi ya harusi. Nilienda, na mchango nilitoa ndani ya siku 14.