Kidonda cha mama, mshubiri, na nyayo kwenye unga

Mama yangu ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Kidonda chake kilianzia chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, na siku tunakigundua kilikwisha kuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Yeye hakusikia lolote. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye kandambili zake nilipokuwa nafagia.

Hapo ushauri ukamiminika. Shangazi, jirani wa ukuta wa pili, hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba, wote neno lao moja: mshubiri. Tunao nyuma ya nyumba. Nikakata jani kwa kisu cha jikoni, nikalikamua, nikapaka kila kilichotoka. Siku ya tatu ngozi ya pembeni ikawa nyekundu na kuchubuka. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba ute mweupe wa katikati ya jani ni kitu kimoja, na yale maji ya njano yatokayo chini ya ganda ni kitu kingine kabisa, maana ndiyo yale watu huyanywa ili waharishe. Nimepaka mama yangu haya kwenye nyama mbichi, na katika wote walionishauri hakuna aliyenitahadharisha.

Nikahamia jeli ya dukani, ya mitishamba, elfu kumi na tano au ishirini hivi. Kibandiko kilitaja mwarobaini, manjano na mshubiri, bila kipimo na bila tarehe ya kuisha muda. Muuzaji aliniapia siku saba. Juu kilikauka vizuri nikafurahi, kumbe chini kinatoa maji, na siku ya sita kikaanza kunuka. Kilichoniponza ni utulivu wa mama. Mtu mwenye hisia dawa ikimuunguza atapiga kelele. Yeye mguu umekufa ganzi, kwa hiyo nilimwona ametulia nikadhani dawa imemkubali.

Kliniki ya kisukari sukari ilisoma 18 (mmol/L). Akaanzishwa sindano za insulini na dawa za kuua vijidudu. Nesi alikata sugu iliyozunguka kidonda, akaondoa nyama iliyokufa, akasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Nilimuuliza kuhusu mshubiri nikitegemea kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema kidonda kinahitaji unyevu kiasi, na zipo jeli safi zilizotengenezwa kwa ajili ya vidonda, ila cha kukamuliwa nyumbani kisiingie kwenye kidonda kilicho wazi. Kisha akasema, "Dada, hata dawa ya dhahabu haitafunga kidonda kinachokanyagwa." Akampa mama kiatu cha kuinua sehemu ya mbele ya mguu, akatukataza mambo mawili: kukanyagia kidonda na kulowesha bendeji.

Wiki tatu, kidonda kile kile. Bendeji kila asubuhi ina unyevu. Ninamuuliza, "Mama, umetembea usiku?" Ananijibu, "Mwanangu, sijatia mguu chini." Nilikaribia kurudi kwa muuza jeli.

Usiku mmoja, mama amekwisha lala, nilichukua unga wa ngano nikauchekecha sakafuni, mwembamba kabisa, kuanzia kitandani mwake hadi mlangoni. Nikaenda kulala. Alfajiri nikaamka na tochi. Nyayo hizo! Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kisigino, vidole vyote vitano, zimenyooka moja kwa moja hadi kwenye bomba la uani. Na za kurudi zilikuwa za unga uliolowa. Kiatu cha hospitali kilikuwa pale pale chini ya kitanda.

Nilikaa naye tukaongea. Akalia. Alikuwa anafungua bendeji kila alfajiri, anaosha mguu mpaka kwenye kifundo, kisha anaifunga tena mwenyewe gizani. Aliogopa udhu wake usitimie, na aliogopa kuniambia.

Siku hiyo hiyo nilimfuata imamu wetu. Akaja mwenyewe nyumbani, akakaa na mama, akamweleza hukumu ya jabira: penye bendeji hapaoshwi, hupangushwa juu kwa mkono wenye unyevu, na sala ya kwenye kiti ni sala. Niliweka beseni na birika kando ya kitanda. Choo nikampa ndoo yenye mfuniko chumbani, ingawa alinuna siku mbili.

Kuanzia hapo kikaanza kupungua. Kila Ijumaa nilikipima kwa karatasi safi ya plastiki, nikichora ukingo kwa kalamu: sarafu, punje ya haragwe, punje ya choroko. Wiki ya 11 ngozi ikafunga. Sukari ya asubuhi siku hizi ni kati ya 6 na 8.

Kama una mgonjwa wa namna hii nawe unaona wekundu unapanda mguuni, harufu, homa, au nyama inageuka nyeusi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wiki mbili nilizozipoteza na majani zingeweza kumgharimu mama kidole, na bado nikizikumbuka nashikwa na hasira.

Mshubiri bado uko nyuma ya nyumba. Mafuta anayopaka sasa ni ya mgando, kisigino na unyayo, si katikati ya vidole. Kila jioni anatazama chini ya mguu kwa kioo cha mkononi, na kila asubuhi anakung'uta viatu kabla ya kuvaa. Juzi kilidondoka kifungo cha shati. Alikiokota, akaniita niende nikione.