Siku yangu moja: mwalimu wa ngoma za asili

Saa kumi na mbili asubuhi nafunga magoti kwa bandeji na kupakia ngoma na njuga. Wapo wanaoniuliza kama hii nayo ni kazi. Ni kazi, na naifanya kwa moyo wote.

Saa mbili ni adumu ya Wamaasai. Kila mtoto anataka kuruka kuliko mwenzake, nami nasisitiza wasiyoyaona haraka: visigino havigusi chini, na waimbaji hupandisha sauti kadiri mrukaji anavyopaa.

Saa nne, haka ya Wamaori wa New Zealand. Watoto wanacheka ulimi uliotolewa nje. Naeleza kwamba haka si ya vita tu, huchezwa pia kumpokea mgeni na kumuaga marehemu. Kicheko kinakatika.

Saa sita ni ngoma ya gambuti, na hapa siku ikakwama. Kipindi hiki nakipenda kuliko vyote. Nawasimulia habari za wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, walioshinda chini ya ardhi kwenye maji, wakageuza mabuti ya mpira kuwa mdundo: kiganja kwenye buti, buti kwa buti, kisigino chini. Tulikuwa tumeanza kupatana, mzazi akaingia bila hodi.

"Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, si kukanyagakanyaga."

Nimeambiwa hivyo mara nyingi na bado huniuma. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akasimama mlangoni akitaka kujua ngoma italeta alama gani kwenye mtihani. Nilijibu, akarudia. Nikajibu tena. Watoto kimya, binti yake ameinama, kipindi kinayoyoma. Mwishowe binti ndiye aliyesema: "Baba, buti ndilo lilikuwa ngoma yao." Akampigia mdundo wote bila kukosea. Baba hakusema neno, ila hakuondoka mpaka ulipoisha.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Miguu iligoma, nikafundisha hula ya Hawaii nimekaa. Hula ya kukaa ipo, huitwa hula noho, na mikono ndiyo inayosimulia. Niliwaambia jinsi Mfalme Kalākaua alivyoipa heshima hadharani mwaka 1883, kwenye sherehe ya kutawazwa kwake, baada ya miaka mingi ya kubanwa. Mtoto mmoja akauliza, "Mtu anakatazwaje kucheza ngoma ya kwao?" Jibu lake lilikula muda wote uliobaki.

Sasa ni usiku. Ngoma kubwa imelegea ngozi, lazima niikaze kabla ya kulala. Kesho ni zamu ya wapiga ngoma wa Burundi, wanaoingia uwanjani wamezibeba kichwani huku wakizipiga.