Jedwali la ngeli nimelificha

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili kwa wageni nilianza na jedwali la ngeli. Ubao mzima: M-WA, M-MI, KI-VI, LI-YA... Wakanakili yote, jaribio wakafaulu. Tunatoka nje, mmoja ananiambia, "Mwalimu, viatu yangu zimepotea." Nilicheka, lakini moyoni nilijua kosa ni langu.

Siku hizi jedwali halionekani hadi wiki ya tatu. Nawapeleka sokoni na kikapu. Mama muuza matunda anabonyeza embe: "Hili limeiva, haya bado." Nao wanamfuatisha: chungwa limeiva, nanasi limeiva, papai limeiva. Baada ya nusu saa mtu anauliza mwenyewe, "Mbona ndizi imeiva, si limeiva?" Hapo ndipo natoa chaki.

Ila nisidanganye. Kuna mzee mmoja Mjerumani aligoma katakata. Alitaka kanuni kwanza, embe baadaye. Nikampa jedwali lake. Ndiye anayekosea kidogo kuliko wote darasani, ingawa akiulizwa anataka maembe mangapi, anapekua ngeli kichwani mpaka wateja wawili wameshahudumiwa wakaondoka.