Zege Huanza Kufa Kwenye Vitundu Vyake

Kwa miaka mingi nililihukumu zege kwa swali moja tu: siku ya 28 tangu limwagwe litahimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha nguvu ya zege) ngapi? Ndivyo tulivyofundishwa darasani, ndivyo mikataba inavyodai, na ndivyo michemraba ya zege inavyopasuliwa maabara hadi leo. Swali hilo lina maana, ila halitoshi, kwa sababu zege lililofaulu vizuri siku ya 28 laweza kuanza kumeguka kabla ya kutimiza miaka 20, wakati aliyetia saini cheti cha maabara amekwisha kusahau hata jina la mradi. Aliyenibadilisha mawazo ni mhandisi ambaye sijawahi kuonana naye, Profesa Karen Scrivener, aliyeanza kuongoza maabara ya vifaa vya ujenzi katika taasisi ya EPFL mjini Lausanne, Uswisi, mwaka 2001, na ambaye tangu alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu London amekuwa akilichungulia zege kwa hadubini ya elektroni.

Ukilitazama zege kwa macho unaona jiwe. Kwa hadubini unaona kitu kingine kabisa: kokoto na mchanga vimeshikwa na uji wa saruji uliogeuka kuwa mgumu, na ndani ya uji huo mna mtandao wa vitundu vidogo mno, mabaki ya mahali palipokuwa na maji yaliyozidi. Fundi anayeongeza ndoo ya maji ili zege limwagike kwa wepesi anaongeza vitundu hivyo, ingawa jioni ile hakuna atakayemwona na kosa. Chumvi ya bahari hupenya humo humo. Nondo ndani ya zege lisilo na kasoro hulindwa na mazingira ya alkali kali, yaani kinyume cha asidi, pH ikikaribia 13, ambayo huufanya uso wa chuma ujivike utando mwembamba usioruhusu kutu. Kloraidi, sehemu ya chumvi hiyo, ikifika kwenye nondo huutoboa utando huo, chuma hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, zege hupasuliwa kutoka ndani. Nyufa tunazodhani zimeletwa na mzigo mara nyingi zilianzia hapo.

Upande wa pili wa suala hili ni tanuri. Klinka, ambayo ndiyo moyo wa saruji, hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo hadi nyuzijoto 1,450 hivi za Selsiasi. Wengi hudhani kwamba tatizo ni mafuta na makaa yanayochomwa, kwa hiyo dawa ni kubadili nishati. Si hivyo. Jiwe la chokaa lenyewe limebeba kaboni dioksidi, na likichomwa huitoa hata kama moto umetokana na jua. Takribani asilimia 60 ya hewa hiyo inayotoka kiwandani ni ya jiwe, na iliyobaki ndiyo ya moto. Dunia hutengeneza takribani tani bilioni 4 za saruji kila mwaka, na sekta hii inakadiriwa kuchangia asilimia 8 hivi ya kaboni dioksidi yote inayosababishwa na binadamu.

Kila mara nisomapo habari za saruji mpya itakayoondoa kabisa ile ya zamani, hukumbuka hoja ambayo Scrivener ameirudia kwa uvumilivu wa mwalimu. Elementi nane tu, zikianzia na oksijeni na silikoni, ndizo zinazounda takribani asilimia 98 ya gamba la dunia. Kitu kinachotumika kwa mabilioni ya tani hakina budi kutoka humo, na kwa bei ambayo mjenzi wa kawaida anaimudu. Hoja hiyo hufuta maajabu mengi ya maabara kwa mstari mmoja. Hugusa hata vibadala vya klinka tulivyovizoea, yaani majivu ya makaa ya mawe na mavi ya chuma kutoka kwenye matanuri ya viwanda, ambavyo ni vizuri lakini havitoshi, tena upatikanaji wake unategemea viwanda ambavyo dunia hiyo hiyo inajaribu kuvipunguza.

Udongo wa mfinyanzi, kwa upande wake, umejaa. Saruji ambayo Scrivener na wenzake wa Kuba na India waliifanyia kazi huitwa LC3, yaani saruji ya chokaa na udongo uliochomwa, na mchanganyiko wake unaojulikana zaidi ni klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa 15, na jasi 5. Udongo huo hauhitaji kuwa kaolini safi, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ukiwa na kaolinaiti, madini makuu ya kaolini, kiasi cha asilimia 40 unatosha, na huchomwa kwa nyuzijoto 700 hadi 850 tu. Kilichonivutia si kupunguza klinka, kwani hilo lilijulikana zamani, bali ni jinsi vibadala viwili vinavyosaidiana. Alumina, yaani oksidi ya alumini, iliyofunguliwa na moto kutoka kwenye udongo hushikana na kaboneti ya jiwe la chokaa, na fuwele zinazozaliwa hujaza nafasi ambazo zingebaki wazi. Nusu ya klinka imeondoka, ilhali nguvu hulingana na ya saruji ya kawaida kuanzia siku ya 7 hivi, na kaboni dioksidi hupungua kwa asilimia 30 hadi 40.

Vitundu navyo huwa vyembamba zaidi, na kloraidi hupenya kwa taabu kubwa kuliko katika saruji ya kawaida. Hapo ndipo mambo mawili niliyoyafundishwa kama maadui, uimara na uangalifu wa mazingira, yalipokutana katika mfuko mmoja.

Hilo halimaanishi kwamba LC3 haina kasoro. Udongo uliochomwa hunywa maji, hivyo fundi asiyepewa kilainishi, dawa ya kulifanya zege limwagike kwa wepesi bila kuongeza maji, atarudia ile ndoo niliyoitaja. Chuma kilichomo kwenye udongo huweza kuipa saruji rangi nyekundu, na wanunuzi huiamini ya kijivu kana kwamba rangi inabeba mzigo. Viwanda vimejifunza kuidhibiti wakati wa kupoza. Kasoro inayonishughulisha zaidi ni ya hewa. Kaboni dioksidi ya angani huingia taratibu ndani ya zege na kuishusha pH, na kwa kuwa LC3 ina hidroksidi ya kalsiamu kidogo ya kuizuia, mpaka wa sehemu ambayo pH yake imeshashuka husonga kuelekea nondo haraka zaidi, hasa zege likinyimwa maji siku zake za mwanzo. Kwa nguzo za gati zinazopigwa na maji ya chumvi ningeichagua bila kusita. Kwa ukuta mwembamba unaolowa na kukauka hewani ningeichagua pia, lakini ningeongeza kwanza unene wa zege linalofunika nondo, kisha ningesimamia mwenyewe umwagiliaji wa wiki ya kwanza.